Mashine ya Mikate ya Dada: Hesabu ya Miezi Tisa Tabata

Oktoba 2023 wifi yake dada yangu, anayekaa Muscat, Oman, alipata mtu wa kurudi Dar es Salaam akampa mzigo. Ilikuwa mashine ya kuoka mikate, nyeupe, ukubwa wa dumu la lita ishirini, na sufuria yake ya ndani imejazwa tende na nguo za watoto ili nafasi isiende bure. Jioni ile ile, tende hazijaisha kwenye sahani, shemeji aliuliza swali ambalo ndilo kisa chenyewe: tuitumie au tuiuze? Alikuwa ameshaulizia Kariakoo. Mashine ya aina hiyo, mpya dukani, ilikuwa shilingi 350,000, na mfanyabiashara mmoja alikuwa tayari kuichukua kwa 250,000 taslimu. Januari ilikuwa inakaribia, na ndani ya nyumba kuna watoto wanne wa shule.

Mimi ni mdogo wake dada, na kazi yangu ni kutunza hesabu za duka la vifaa vya ujenzi. Wote wakanigeukia. Niliwaambia sina jibu, nikaomba kitu kimoja tu: daftari. Kila mkate uandikwe, uliofaulu na ulioharibika. Viandikwe unga uliotumika, siku umeme ulipokatika, na kila mara mashine itakapofanya kazi nyingine yoyote. Tukakubaliana kwamba mwisho wa Juni 2024 tutakaa chini tuamue. Haya ninayoandika yametoka kwenye daftari hilo, ambalo sasa lina alama za vidole vya mafuta karibu kila ukurasa.

Nyumba na asubuhi zake

Ni nyumba ya watu saba huko Tabata, Dar es Salaam: dada, shemeji, watoto wanne, na mama mkwe wa dada, mzaliwa wa Unguja, ambaye sote tunamwita Bibi. Asubuhi chai haipiti bila kitafunwa, na kwa watu saba kitafunwa si jambo dogo. Siku za mkate wa dukani, ule mkubwa wa slesi, uliokuwa shilingi 2,500, unaisha kabla Bibi hajatoka chumbani. Siku za chapati inakwenda kilo nzima ya unga. Siku za maandazi ni vivyo hivyo.

Niliwahi kulala kwao nikaamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kunywa maji. Nilimkuta dada jikoni amekaa kwenye kigoda, beseni amelibana kwa magoti, anakanda kwa ngumi. Alikanda, akaacha, akaushika mkono wa kulia kwenye kifundo kwa mkono wa kushoto, akauzungusha polepole mara tatu nne, kisha akarudi kwenye unga. Hakujua kama namwona. Dakika tano baadaye akafanya tena vile vile. Asubuhi nilipomuuliza aliniambia mkono huo unamuuma tangu ujauzito wa mtoto wa tatu, ukipata joto unalegea, hakuna neno. Siku ambazo haukulegea alikuwa anamtuma mtoto kwa mama wa chapati: 14, kila moja shilingi 500, jumla 7,000 kwa kikao kimoja cha chai.

Jambo hili la mkono nalieleza mapema kwa sababu siku ile ya tende hakuna aliyelitaja. Wote tulikuwa tunazungumzia mkate.

Umeme wa kule na wa huku

Mashine iliyotoka Oman haikutupa shida ya umeme. Kule ni volti 240, huku 230, na hata plagi ni ile ile ya pini tatu bapa tuliyoizoea. Ndugu walio Marekani wanaotaka kutuma zawadi kama hii walijue hili: umeme wa kule ni volti 120, na mashine ya kule ikichomekwa moja kwa moja kwenye ukuta wa Dar es Salaam inaungua. Itahitaji transfoma ya kushusha umeme, na yenye nguvu ya kubeba wati 600 au zaidi ni nzito na bei yake si ya mchezo.

Kuhusu ulaji wa umeme, shemeji alikuwa na hofu kubwa. Kwa hiyo Jumapili moja tulizima friji na kila kitu kingine ndani, tukasoma mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, tukaoka mkate mmoja, tukasoma tena baada ya saa tatu na nusu. Zilikuwa zimekwenda uniti 0.4. Umeme wa elfu kumi ulikuwa unatoa uniti 28, yaani uniti moja ilikuwa kama shilingi 357, hivyo mkate mmoja ulikula umeme wa shilingi 143. Hofu ikaisha hapo. Mashine inakanda na kuumua kwa umeme mdogo sana, na kinachokula ni ile saa moja ya mwisho ya kuoka. Hata hivyo kisanduku chenyewe ni kidogo na moto wake haupotei hovyo kama kwenye oveni kubwa.

Mikate kumi na mmoja iliyoharibika

Hadi mwisho wa Juni ilikuwa imeokwa mikate 71. Iliyoharibika ni 11, na saba kati ya hiyo ni ya kabla ya mwaka kwisha. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wanaoinunua mashine hii huiweka juu ya kabati baada ya mkate wa tatu ulioharibika, wakiamini ni mbovu.

Wa kwanza kabisa niliuona kwa macho yangu. Kupitia kile kidirisha cha juu tulitazama mkate unapanda, unapanda, unagusa kioo, watoto wanashangilia. Kisha ukaanza kudidimia katikati kama paa la nyumba iliyoingiwa na mchwa. Ulipotoka, pembeni ulikuwa umeiva vizuri na katikati kuna shimo la kuingia ngumi. Watatu waliofuata walikwenda njia hiyo hiyo, na dada alikuwa anafuata kijitabu neno kwa neno.

Kosa lilikuwa joto. Mashine haiangalii mkate. Inafuata saa iliyopangiwa kiwandani, kwa jiko lenye nyuzi ishirini na kitu hivi. Jiko la Tabata mwezi wa kumi na mbili linafika nyuzi 32. Hamira ikipata joto hilo inafanya kazi ya saa moja kwa nusu saa, na moto wa kuokea unapowashwa unga umeshaumuka ukapitiliza, hauna nguvu ya kujishikilia tena. Dawa yake tuliipata kwa kujaribu. Maji yatoke kwenye friji, hamira ipunguzwe kwa robo, na chumvi isikosekane, kwa kuwa chumvi ndiyo inayoishikia hamira breki. Mkate mmoja dada aliusahau chumvi, ukafurika hadi kwenye waya wa moto.

Kitu kingine kilichookoa mikate kilikuwa mizani. Kijitabu kinahesabu unga kwa vikombe, lakini kikombe kilichoshindiliwa na kikombe kilichomwagiwa unga kwa kijiko hutofautiana hata gramu 30. Vikombe vinne vinakupa tofauti ya kuua mkate. Nilimnunulia dada mizani ndogo ya betri kwa 18,000, na kuanzia siku hiyo kipimo hakikubadilika: unga gramu 500, maji mililita 300, sukari na mafuta vijiko viwili viwili vya mezani, chumvi na hamira kijiko kimoja na nusu cha chai kila kimoja, hamira ikipungua siku za joto. Masika, unga uliokaa kwenye hewa yenye unyevu unahitaji maji pungufu kidogo. Dakika tano baada ya kuanza kukanda unafunua mfuniko na kugusa donge. Likinata kwenye kidole kama ulimbo, ongeza kijiko cha unga. Likigonga kuta kwa kelele kama jiwe, ongeza kijiko cha maji.

Mikate miwili iliharibika kwa hamira iliyokufa: pakiti ilifunguliwa ikaachwa wazi karibu na jiko wiki mbili. Sasa inakaa kwenye kopo la kufunga, ndani ya friji. Mmoja uliharibika kwa sababu mtoto aliosha sufuria na hakurudisha kile kipande kinachozunguka chini, ambacho nyumbani wanakiita kasia. Mashine ilinguruma saa tatu na nusu bila kukanda kitu, na mwisho ikaoka tabaka la maji, unga na mafuta.

Mitatu iliyobaki ilikwenda na umeme. Mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 ulikuwa wakati wa mgao, na hali ilianza kutulia pale mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ulipoingizwa kwenye gridi Februari 2024. Mashine nyingi za aina hii zina kumbukumbu ya dakika kama kumi: umeme ukirudi ndani ya muda huo zinaendelea pale zilipoishia. Ukichelewa zaidi zinaanza upya au zinakaa kimya. Mkate uliokatiwa umeme katikati ya kuoka huwezi kuuokoa, unabaki nusu ugali nusu mkate.

Ila mkate uliokatiwa umeme wakati wa kuumuka unaokoleka, na aliyetufundisha ni Bibi. Usiku mmoja giza liliingia unga ukiwa umeumuka nusu. Dada alishaanza kulalamika. Bibi akaomba taa ya simu, akaagiza jiko la mkaa, akatandika mchanga kidogo chini ya sufuria kubwa, akahamishia unga kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, akaiweka ndani, akafunika. Mkaa mwingi akaupalia juu ya mfuniko, chini akaacha vipande vinne tu. "Mkate unaiva kwa moto wa juu," alisema, "wa chini ni wa kuusindikiza." Baada ya dakika kama arobaini aliutoa, akaugeuza, akaugonga mgongoni kwa kidole, ukatoa sauti ya ngoma tupu. Daftarini dada aliandika: *wa 23, umeme umekatika, umeiva kwa Bibi.* Sikuuhesabu kuwa umeharibika. Ulikuwa mtamu kuliko wote wa mwezi ule, na ganda lake lilikuwa linavunjika kwa mlio, kitu ambacho mashine haijaweza kukitoa hata mara moja.

Hesabu ya mkate

Sasa pesa. Unga wa ngano mtaani kwao ulikuwa shilingi 2,000 kilo, hivyo nusu kilo ni 1,000. Mafuta kama 150. Sukari 80, ingawa Februari 2024 sukari ilipoadimika kilo ilifika elfu nne na zaidi, na dada alipunguza kijiko kimoja. Hamira ya pakiti kubwa 90, ambayo ukinunua vipakiti vidogo vidogo inapanda zaidi ya mara mbili. Chumvi 10, umeme 150. Jumla 1,480 kwa mkate wa robo tatu ya kilo. Siku ya maziwa badala ya nusu ya maji, unafika 1,800.

Ukilinganisha na ule wa dukani wa 2,500, kila mkate uliofaulu uliokoa kama shilingi 1,000. Mikate 60 iliyofaulu ni 60,000. Toa 11 iliyoharibika, kila mmoja 1,480, inabaki kama 44,000.

Hiyo ndiyo faida ya mkate kwa miezi tisa: shilingi 44,000, kwenye mashine ya 350,000. Kwa mwendo huo inataka zaidi ya miaka mitano na nusu kurudisha bei yake. Hata tukisema dada sasa ni fundi na haharibu tena, mikate miwili kwa wiki inaokoa 2,000, na 350,000 ukizigawa kwa 2,000 ni wiki 175. Miaka mitatu na zaidi, bila kuhesabu kuharibika kwa chochote. Mwenye kununua mashine hii ili apunguze gharama ya mkate asinunue. Hili nalisema bila wasiwasi. Na hizo ni hesabu za nyumba ya watu saba. Nyumba ya watu wawili wanaokula mkate mmoja kwa wiki wasifungue hata kikokotoo.

Watu hujibu kwamba mkate wa nyumbani ni bora, unajua ulichoweka ndani. Ni kweli, na mtoto wa mwisho, aliyekuwa anaacha maganda ya mkate wa dukani kwenye sahani, wa nyumbani anaumaliza. Lakini mkate huo hauna vihifadhi. Kwa hewa ya Dar es Salaam siku ya tatu unaota ukungu. Ukiuweka kwenye friji hauoti ukungu, ila unakauka na kuwa mgumu haraka kuliko ukiachwa mezani. Njia iliyofaa ni kuukata slesi ukishapoa kabisa na kuziweka kwenye friza, kisha kila asubuhi kupasha zinazohitajika kwenye kikaango. Kwa watu saba hata hilo halikuhitajika mara nyingi, maana mkate haulali.

Kuna na ile ahadi ya kuweka saa usiku ili asubuhi uamshwe na harufu. Inatimia, kwa masharti. Hamira ikae juu ya unga mkavu, isiguse maji hadi kasia lizunguke. Maziwa mabichi yasiwemo, maana saa sita kwenye joto letu ni saa za kuchacha. Tumia ya unga. Na umeme usikatike. Kwenye daftari, mikate ya saa ni tisa tu. Dada alisema hana raha ya kulala akijua kuna kitu kitawaka saa tisa usiku peke yake.

Mstari ambao sikuutarajia

Nilipofika kwenye ile safu ya "kazi nyingine" ndipo nilipoacha kalamu. Nilidhani nitakuta mara tano, sita. Zilikuwa 148.

Mashine ina programu ya kukanda tu. Unaweka vitu, inakanda, ukitaka inaumua, kisha inalia, unatoa unga na kuupika utakavyo. Dada aliigundua wiki ya tatu, katika zile siku za hasira na mikate iliyodidimia, akaweka unga wa chapati. Dakika ishirini baadaye alitoa donge laini kama sikio. Tangu siku hiyo chapati, maandazi, mahamri ya tui na iliki, na manda za sambusa za Ramadhani zote zilipita humo. Sufuria haibebi zaidi ya kama nusu kilo ya unga, ikizidishiwa mota inalalamika, hivyo kilo ya chapati ni raundi mbili. Raundi 148 ni kama vikao 80 vya kukanda. Kilo moja kwa mkono ilikuwa inamchukua dada dakika 25 na mapumziko yake ya kuuzungusha mkono. Vikao 80 ni saa 33 na ushee ambazo hakukanda. Umeme wa kazi hiyo ni mdogo kiasi kwamba tulipojaribu kuupima, LUKU haikusogea hata sehemu ya kumi ya uniti.

Nikamuuliza: katika vikao hivi 80, vingapi ungenunua kwa mama wa chapati kama mashine isingekuwepo? Alifikiri sana, akapitia tarehe, akasema visipungue thelathini, Ramadhani peke yake labda kumi. Chapati ya nyumbani, ukijumlisha unga, mafuta na moto, ilimgharimu kama shilingi 240. Ya kununua ilikuwa 500. Kwa chapati 14 tofauti ni kama 3,600, na kwa vikao thelathini inazidi 105,000. Vikao vingine hamsini sivihesabu kwa pesa, maana angekanda kwa mkono. Hivyo vinalipwa na ule mkono wenyewe.

Kwa hiyo mashine ya kuoka mikate iliokoa pesa zaidi ya mara mbili pale ambapo haikuoka. Ukijumlisha pande zote mbili unapata kama 149,000 kwa miezi tisa, na kwa mwendo huo 350,000 inarudi ndani ya miezi kama ishirini. Hiyo ni hesabu nyingine kabisa.

Ukirudi kwenye historia ya chombo hiki, huoni ajabu. Mashine za mikate za majumbani zilizaliwa Japani katikati ya miaka ya 1980, kwenye kampuni ya Matsushita, ambayo leo inajulikana kama Panasonic. Mafundi wao walikuwa wamekwama: mashine inaoka, lakini ganda linaungua na ndani hakuivi. Mmoja wao, Ikuko Tanaka, alikwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa Osaka International Hotel, akakaa naye hadi akaona kwamba siri haiko kwenye moto. Yule mwokaji alipokanda hakuwa anasukuma tu, alikuwa anauvuta unga na kuusokota. Wakarudi wakabadilisha mwendo wa kasia na kuweka mbavu ndani ya sufuria ili unga ukinaswa uvutike. Ukitazama ndani ya sufuria ya dada utaziona mbavu hizo pembeni. Ule mvutano ndio unaounganisha nyuzi za ngano, na nyuzi zikiungana unga unashika hewa. Jasho la wavumbuzi lilimwagika kwenye kukanda, na ndiko mashine hii ilikomfaa dada.

Bibi kwa mkate wenyewe hakukubali hadi leo. Yeye alilelewa kwa boflo la Unguja, lililotoka kwenye tanuri la kuni, ganda jembamba linalopasuka. Wa mashine anauita mkate wa hospitali. Lakini mahamri ya unga uliokandwa humo anakula manne na kuuliza kama yamebaki.

Tulivyoamua

Mwisho wa Juni tulikaa. Yule mfanyabiashara wa Kariakoo sasa alikuwa anatoa 150,000, kwa kuwa imetumika. Nikaweka tarakimu mezani, ya mkate peke yake na ya kukanda peke yake. Shemeji alizitazama kwa muda, kisha akasema kitu kilichonifurahisha sana: kwamba yeye hakuwahi kujua kukanda chapati kunachukua dakika 25. Mashine haikuuzwa. Tangu hapo Jumamosi shemeji ndiye anayepima unga na kubonyeza, na chapati anasukuma mwenyewe. Si za duara, lakini zinalika.

Maamuzi hayo ni ya nyumba ile. Jirani yao, mama mwenye mtoto mmoja, aliyekuwa anakuja kuonja, aliniomba ushauri naye anunue. Nilimuuliza unga anakanda mara ngapi kwa wiki. Jumamosi tu, alisema, nusu kilo. Mkono unauma? Hauumi. Nikamwambia pesa hiyo anunue friza ndogo au aiweke. Alinuna kidogo, ila naona nilimtendea haki. Ningejibu tofauti kama angekuwa na mzee anayetaka mkate laini kila siku, au biashara ya maandazi ya asubuhi, ingawa kwa biashara sufuria ya nusu kilo ni ndogo mno na ingefaa mashine ya kukandia ya bakuli kubwa.

Kuna jambo moja linanipa wasiwasi na sijalimaliza. Chini ya sufuria, pale kasia linaposhikiliwa na chuma kinachozunguka, kuna mpira unaozuia maji. Mwezi wa sita dada alianza kuona tone jeusi chini ya sufuria baada ya kukanda. Mpira unakwisha, na raundi 219, yaani mikate 71 na kukanda tu mara 148, si mchezo. Ule utando wa ndani usioshika pia umeanza kuchubuka kwenye kasia, tangu siku mtoto alipochokoa mkate kwa uma. Nilizunguka maduka matano Kariakoo na mashine nzima nilizikuta. Sufuria peke yake, kasia peke yake, mpira peke yake, hakuna aliyenionyesha. Kipuri hicho kikikosekana, ile miezi ishirini ya kurudisha gharama haitafika.

Wifi alipopiga simu mwezi wa saba kuuliza safari hii alete nini, watoto walikuwa wameshaandaa orodha ya viatu. Dada aliichukua simu akaomba sufuria moja ya akiba na makasia mawili, akamsomea namba iliyoandikwa nyuma ya mashine, tarakimu moja moja, mara mbili, ili isikosewe.